Msumeno wa Mnyororo Unaowaka Kisha Kuzimika: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Fedha

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kutambua chanzo cha tatizo kwa kuangalia wakati ambao msumeno unazimika;
(b) kufanya ukaguzi wa awali ambao hauhitaji fedha au unahitaji fedha kidogo;
(c) kumweleza fundi tatizo kwa usahihi na kupokea kazi iliyokamilika;
(d) kujua mahali pa kupeleka malalamiko pale anapouziwa kipuri bandia au mafuta yasiyo na ubora.

Utangulizi

Msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, ni chombo cha kazi kinachojulikana vema katika Mkoa wa Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria. Upo mikononi mwa wavunaji wa miti ya kupandwa, kama ile ya mashamba ya Serikali ya Rubya wilayani Ukerewe na Buhindi wilayani Sengerema. Upo pia kwa waunda mitumbwi, wapasuaji wa mbao na wakulima wanaosafisha mashamba yao. Kwa wengi wao, msumeno mmoja ndio mtaji wote.

Msumeno uliokataa kabisa kuwaka hupelekwa kwa fundi siku hiyohiyo. Ule unaowaka, ukanguruma sekunde chache na kuzimika, ndio unaoleta hasara kubwa zaidi. Mwenyewe huvuta kamba mpaka mkono ukachoka, kisha hununua plagi, kisha kabureta nzima, na mwisho huambiwa kuwa pistoni imekufa. Mara nyingi chanzo kilikuwa ni tundu dogo lililozibwa na vumbi la mbao, au petroli iliyokaa mno ndani ya dumu. Somo hili linaonyesha utaratibu wa kufuata, kuanzia ukaguzi usio na gharama hadi ule unaohitaji fundi.

1. Kuwaka kwa msumeno kunatueleza nini?

Injini yoyote ya petroli inahitaji mambo matano: hewa, mafuta, cheche, mgandamizo ndani ya silinda, na njia ya kutolea moshi. Msumeno ukiwaka hata kwa sekunde tano, tayari umeonyesha kuwa cheche ipo na mgandamizo upo, walau wakati injini ingali baridi. Kwa hiyo shaka ya kwanza isielekezwe kwenye pistoni wala koili. Ielekezwe kwenye njia ya mafuta na njia ya hewa, maana huko ndiko vitu huziba, hupasuka na kuchafuka.

Ni vema pia kufahamu kuwa kabureta ya msumeno si sawa na ile ya pikipiki. Kabureta ya pikipiki ina bakuli na boya, na petroli hushuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Msumeno hugeuzwa upande na hata kulazwa wakati wa kukata, hivyo boya lisingefanya kazi. Badala yake kuna viwambo vyembamba vinavyochezeshwa na msukumo wa injini yenyewe ili kuvuta petroli kutoka kwenye tangi. Viwambo hivyo vikikakamaa, msumeno unaweza kuwaka kwa petroli kidogo iliyobaki ndani ya kabureta, kisha ukazimika kwa kukosa nyingine. Fundi hodari wa pikipiki anaweza kutolitambua tatizo hili ikiwa hajawahi kufungua kabureta ya aina hii.

2. Msumeno unazimika wakati gani?

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, angalia kwa makini ni wakati gani injini inazimika. Andika jibu lako, maana ndilo litakalokuongoza.

Unawaka ukiwa kwenye choki, unazimika mara choki inapotolewa. Injini inapata petroli pungufu au inavuta hewa mahali pasipostahili. Kagua chujio la mafuta, mpira wa mafuta, kisha kabureta.

Unanguruma vizuri polepole, unazimika unapoongeza mafuta. Petroli haifiki kwa wingi unaotakiwa, au moshi haupati njia ya kutoka. Kagua chujio la mafuta, chujio la hewa na wavu wa ekzosi.

Unafanya kazi dakika tano au kumi, kisha unadhoofika na kuzimika. Shuku tundu la hewa la tangi. Legeza mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikiingia kwa mluzi, na msumeno ukawaka tena mara moja, umepata jibu. Ikiwa kulegeza mfuniko hakusaidii, na msumeno unakubali kuwaka baada tu ya kupoa kabisa, shuku koili inayochoka ikipata joto.

Unafanya kazi ukiongeza mafuta, unazimika ukiachia. Mafundi husema msumeno "haushiki sailensa". Huenda skrubu za kabureta zimetoka mahali pake, au kuna hewa inayopenya kati ya kabureta na silinda.

Unazimika unapoinamishwa upande mmoja. Petroli ni kidogo ndani ya tangi, au chujio la mafuta limechomoka kwenye mpira wake na halifuati mafuta yanakoelekea.

Unatoa moshi mwingi mweusi au mzito, unakohoa na kuzimika. Petroli inazidi hewa. Kagua chujio la hewa, choki iliyokwama na plagi iliyolowa.

3. Usalama kabla ya ukaguzi

Zima msumeno, vuta breki ya mnyororo na usubiri injini ipoe. Vaa glavu unaposhika mnyororo. Fanya kazi mahali pa wazi, mbali na jiko, mkaa unaowaka na mtu anayevuta sigara. Usijaze petroli wakati injini ina moto. Ukimaliza kujaza, futa mafuta yaliyomwagika na usogee hatua kadhaa kutoka mahali ulipojazia kabla ya kuvuta kamba. Usijaribu cheche ya plagi karibu na tundu lake, kwa kuwa mvuke wa petroli unaotoka ndani unaweza kushika moto.

4. Hatua saba za ukaguzi

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Baada ya kila hatua, jaribu msumeno kabla ya kwenda nyingine. Ukirekebisha mambo matatu kwa pamoja hutajua ni lipi lililokuwa tatizo.

Hatua ya kwanza: Petroli. Mimina petroli yote iliyo ndani ya tangi katika chombo safi cha kioo na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajikusanya chini kama matone au tabaka linaloonekana wazi. Maji huingia kwa urahisi pale dumu linaposafirishwa kwa mtumbwi au kuachwa nje wakati wa mvua. Petroli iliyochanganywa na oili isikae zaidi ya takriban mwezi mmoja, kwani huchakaa na kuacha utando unaonata ndani ya kabureta. Ikiwa na harufu kali isiyo ya kawaida, usiitumie. Changanya mpya kidogo na ujaribu.

Hatua ya pili: Uwiano na aina ya oili. Soma kitabu cha msumeno wako. Uwiano wa 1:50 maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. Uwiano wa 1:25 ni mililita 40 kwa lita, au mililita 200 kwa lita 5. Pima kwa chombo chenye alama, si kwa kukadiria kwa jicho. Wakazi wa mwambao wa ziwa wazingatie jambo moja zaidi: oili ya injini za boti zinazopozwa kwa maji, yenye alama TC-W3, haikutengenezwa kwa ajili ya msumeno. Injini ya msumeno hupozwa kwa hewa na hupata joto kubwa zaidi. Tafuta oili ambayo kopo lake linasema ni ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, kwa mfano yenye alama JASO FD au ISO-L-EGD.

Hatua ya tatu: Chujio la hewa. Fungua kifuniko cha juu, funga choki ili uchafu usidondokee ndani, kisha toa chujio. Likiwa limejaa vumbi la mbao, likung'ute au lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ikiwa kitabu kinaruhusu, na lirudishwe likiwa kavu kabisa. Lililotoboka libadilishwe. Usifanye kazi bila chujio hata kwa saa moja, maana vumbi hukwangua silinda.

Hatua ya nne: Tundu la hewa la tangi. Petroli inapotoka kwenye tangi, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu la kupitishia hewa likiziba, petroli hushindwa kutoka. Safisha eneo la mfuniko na tundu hilo. Usitoboe mfuniko kwa msumari kama wengine wanavyofanya, kwa kuwa petroli itavuja juu ya injini yenye moto.

Hatua ya tano: Plagi. Ifungue na uitazame uso wake. Rangi ya kahawia au kijivu hafifu ni dalili njema. Weusi wenye unyevu huonyesha petroli au oili iliyozidi, au chujio la hewa lililoziba. Weupe huonyesha kuwa injini inapata joto kupita kiasi kwa sababu petroli ni pungufu au hewa inapenya. Isafishe, kisha pima nafasi ya cheche. Misumeno mingi hutumia milimita 0.5, lakini hakikisha kwenye kitabu chako. Plagi ni kipuri cha bei nafuu, ila kubadilisha plagi bila kuondoa kilichoichafua ni kuahirisha tatizo.

Hatua ya sita: Chujio la mafuta na mpira wake. Kwa waya safi uliokunjwa ncha, vuta chujio kutoka ndani ya tangi. Likiwa jeusi au limekakamaa, weka jipya. Pinda mpira polepole kwa vidole na utazame nyufa, hasa karibu na maungio. Ufa mwembamba hauvujishi petroli wakati wote, lakini huingiza hewa na kuifanya injini ikose mafuta.

Hatua ya saba: Wavu wa ekzosi. Misumeno mingi ina wavu mdogo wa kuzuia cheche mahali pa kutokea moshi. Masizi yakiuziba, injini huwaka na kunguruma polepole lakini hushindwa kupanda. Utoe ekzosi ikiwa imepoa, uusafishe kwa brashi ya waya na kuurudisha. Usiutupe. Cheche moja katika nyasi za kiangazi inaweza kuteketeza shamba la jirani.

5. Njia ya mkato yenye hatari

Baada ya hatua saba, yapo marekebisho ya kabureta. Misumeno mingi ina skrubu tatu: L kwa mwendo wa polepole, H kwa mwendo wa kasi, na LA au T ya kuongoza sailensa. Kwa kawaida injini ya msumeno isiyobebeshwa kazi hunguruma kwa mizunguko kati ya 2,500 na 3,000 kwa dakika.

Msumeno unapozimika, njia ya mkato ni kukaza skrubu ya LA mpaka injini isiweze kuzimika. Ngurumo inarudi, na mwenye msumeno anaondoka akiwa ameridhika. Lakini chanzo hakijaguswa, na mnyororo sasa unazunguka wenyewe hata pale kidole kinapokuwa kimeachia mafuta. Mtu anayehama kutoka gogo moja kwenda jingine akiwa na mnyororo unaozunguka anaweza kupoteza mguu. Kanuni ni hii: injini ikiwa kwenye sailensa, mnyororo lazima usimame kabisa. Ukirekebisha LA, kaza hadi mnyororo uanze kusogea, kisha rudisha robo ya mzunguko na uthibitishe kuwa umesimama. Ikiwa mnyororo umesimama lakini injini inazimika, tatizo liko mahali pengine.

Skrubu ya H ni bora uiache kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia mizunguko. Ukiifunga mno, msumeno hulia kwa sauti kali na kuonekana una nguvu, kumbe petroli ni pungufu. Kwa kuwa oili ya kulainisha huja pamoja na petroli, pistoni hukosa vyote viwili na huungua.

Kimo cha mahali nacho kina athari. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Msumeno uliorekebishwa Dar es Salaam unaweza, ukifika Mwanza, kupata petroli inayozidi hewa, ukatoa moshi na kuchafua plagi. Uliorekebishwa Mwanza ukipelekwa pwani hupata petroli pungufu, na hilo ni hatari zaidi kwa pistoni. Mweleze fundi mahali msumeno ulikotoka na mahali utakapofanyia kazi.

6. Unapompelekea fundi

Ikiwa msumeno bado unazimika, yaliyobaki ni viwambo vya kabureta, mpira unaounganisha kabureta na silinda, sili za krenki, na koili. Kazi hizi zinahitaji vifaa na ujuzi. Zingatia yafuatayo:

(a) Ikiwa msumeno ni mpya na uko ndani ya muda wa dhamana, usiufungue. Urudishe kwa aliyekuuzia pamoja na risiti na kadi ya dhamana.

(b) Mweleze fundi wakati msumeno unapozimika na hatua ulizokwisha kuchukua. Maneno "umeharibika tu" yanamfungulia mlango wa kukisia kwa gharama yako.

(c) Omba ukaguzi ufanyike kwanza, kisha makadirio ya bei kwa maandishi, ndipo utoe idhini. Uliza kama seti ya viwambo inatosha kabla ya kukubali kabureta nzima.

(d) Omba urudishiwe vipuri vya zamani vilivyotolewa.

(e) Usipokee msumeno kabla ya jaribio. Uache kwenye sailensa dakika moja bila kuzimika, mnyororo ukiwa umesimama. Ongeza mafuta ghafla mara tatu. Uinamishe kila upande. Mwisho, ukate gogo kwa dakika kadhaa ili upate joto, uuzime na kuuwasha tena. Msumeno uliofaulu majaribio haya ndio uliotengenezwa.

7. Vipuri, mafuta na haki zako

Kabureta, plagi na minyororo yenye majina makubwa, kama vile Stihl na Husqvarna, huigwa. Jihadhari na maandishi yenye makosa ya herufi, kasha lisilo na namba ya kipuri, na bei iliyo chini mno ikilinganishwa na maduka mengine. Kipuri cha kampuni nyingine si kosa, mradi muuzaji anakueleza ukweli. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumdanganya mlaji. Malalamiko kuhusu udanganyifu na bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, yaani FCC. Malalamiko kuhusu bidhaa isiyokidhi kiwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

Kuhusu petroli, nunua katika kituo kinachotambulika na utumie dumu safi lililokusudiwa kubebea mafuta. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulikithiri nchini kiasi kwamba mwaka 2010 ulianzishwa utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Ukiwa na shaka, toa taarifa mapema kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Eleza jina la kituo, tarehe na kiasi ulichonunua.

Katika yote hayo, risiti ndiyo shahidi wako. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila ununuzi na uitunze pamoja na kadi ya dhamana. Piga picha ya kasha la kipuri kabla ya kulitupa.

Zoezi la kujipima

1. Msumeno unafanya kazi dakika nane kisha unazimika. Ukilegeza mfuniko wa tangi, unawaka tena mara moja. Tatizo ni nini?
2. Fundi amekurudishia msumeno usiozimika, lakini mnyororo unazunguka ukiwa kwenye sailensa. Je, uupokee?
3. Una mililita 60 tu za oili inayofaa, na kitabu kinaelekeza uwiano wa 1:50. Uchanganye na petroli kiasi gani?

Majibu

1. Tundu la hewa la tangi limeziba. Lisafishe, huna haja ya kununua kabureta.
2. Usiupokee. Skrubu ya LA imekazwa kupita kiasi, chanzo hakijatibiwa, na msumeno huo ni hatari kwa mtumiaji.
3. Lita 3, kwa kuwa kila lita moja inahitaji mililita 20.